Orodha ya Familia

Asubuhi hiyo Chausiku alikuwa anapiga pasi sketi ya shule wakati nyumba yao ilipohamia mfumo mpya wa kompyuta unaoiendesha na kuzungumza na wakazi. Ule wa zamani ulimjua kila mtu kwa jina, na ulimruhusu asikilize sauti zilizorekodiwa za marehemu mama yake. Huu mpya ulijua watu wa aina tatu tu: mwenye nyumba, familia yake na wengine. Baba alijaza orodha ya familia mbiombio akiwahi kazini: mke mpya, watoto wawili aliokuja nao mke huyo, na paka.

"Wengine hawaruhusiwi," nyumba ikamjibu Chausiku alipoomba sauti ya mama yake.

"Usininunie mimi," mama wa kambo alisema. "Muulize baba yako."

Chausiku akamwandikia baba: "Baba, umenisahau kwenye familia."

Baba aliusoma ujumbe saa nne. Mpaka jioni hakujibu.