Panya Aliyemfunga Kicheche Mara Tatu

Mama Panya alikuwa anachambua maharagwe mumewe alipoingia akicheka.

"Mke wangu, nimemfunga Kicheche mara tatu! Ametunga mchezo wa ubao, mmoja anawinda, mwingine anakimbia. Kaniomba niujaribu kabla hajawaonyesha wengine."

"Na wewe ukaujaribu."

"Hajui kucheza, maskini. Kila nikimfunga ananiuliza nimepita wapi, kisha anaichora njia hiyo ubaoni, ati mchezo ukamilike."

Mama Panya aliweka ungo chini. "Ulipita wapi, Baba Mashavu?"

"Njia zetu hizihizi. Mara ya tatu alinibana, nikatokea kwa tundu la nyuma. Ungeona alivyoshangaa!"

Mama Panya aliyabandika maharagwe motoni, akawaita watoto, wakabeba udongo na mawe mpaka tundu la nyuma likazibika. Walipomaliza, kucha zilisikika zikiparura upande wa pili.

"Akihamia mlango wa mbele, tutatokea wapi?" mume aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hatutatokea popote. Nawa mikono."

Akapakua maharagwe, ingawa hayakuwa yameiva vizuri, akawahesabu: watoto sita na baba yao. Wote walikuwapo.