Maneno ya Ukutani

Mbaruku alikuwa juu ya ngazi, akiandika kwa rangi nyeusi kwenye ukuta wa makumbusho mapya ya sanaa. Karatasi aliyopewa na mkurugenzi, Bi Mwanasha, ilikuwa na sentensi moja tu: NYUMBA HII NI YA KILA MTU. Maneno ya namna hiyo alishayaandika mengi. Kwa miaka thelathini alikuwa akipamba milango ya mabenki na mahoteli, halafu akalipwa pale pale nje na kwenda zake.

Alipomaliza YA, mama mmoja muuza mkaa alitua gunia lake mlangoni, akachungulia ile sakafu nyeupe inayong'aa, kisha akaitazama miguu yake.

"Karibu ndani, mama," mlinzi alimwambia.

"Nitawachafulia, mwanangu." Alikuwa ameshavua ndala, lakini akasita, akainama kulichukua gunia lake.

Bi Mwanasha alitoka. Alivua viatu vyake vya ngozi, akavipanga kando ya zile ndala, akamshika yule mama mkono. Wakaingia, na nyayo nyeusi zikawafuata hadi kwenye picha ya kwanza.

Mlinzi akaja mbio na tambara.

"Ziache, kaka," Bi Mwanasha alisema. "Wenzake wataona njia."

Mbaruku alilitazama neno lililofuata kwenye karatasi. Akailaza brashi juu ya kopo, akateremka. Ukutani sentensi iliishia pale pale, NYUMBA HII NI YA, rangi ikichuruzika taratibu, na mlangoni sasa palikuwa na jozi tatu za viatu.