Sauti Iliyopunguzwa Umri

"Hivi mama, mumeo akivaa yale madude ya masikioni huwa anasikiliza nini mpaka machozi?" jirani aliwahi kuuliza, akianika nguo upande wa pili wa ukuta.

"Anamsikiliza mtoto," mama alijibu, akaingia ndani haraka kabla ya swali la pili.

Mtoto mwenyewe alikuwa kaburini. Binti yao wa pekee, homa ilimchukua kabla hajamaliza shule. Kilichobaki ni kanda moja yenye wimbo mmoja wa kumshukuru Mungu. Kazi ya baba yake ilikuwa kurekodi kwaya. Watoto wa watu aliwarekodi miaka nenda miaka rudi, wa kwake akawa anamwambia kesho.

Baada ya msiba aliuza pikipiki, akanunua hedifoni za gharama, zile nzito za studio, asije akapotewa hata na pumzi ya binti yake. Kila jioni baada ya sala alikaa kwenye kiti chake, akazivaa, akafumba macho. Chakula angeweza kukisahau, si hilo.

Sasa, aliyeifuta ile kanda ni mkewe.

Hakukusudia. Alitaka kurekodi mahubiri ya redioni, akachukua kanda akidhani ni tupu, akabonyeza kitufe chekundu. Aliporudisha nyuma asikilize, wimbo haupo. Yupo mhubiri, anahimiza subira.

Mumewe alikuwa safarini kikazi. Akakimbilia kwa fundi redio, rafiki yao wa siku nyingi.

"Shemeji, kilichofutwa kimefutwa," fundi alisema. "Hapo hata mimi sina dawa."

"Wimbo naujua. Mimi ndiye niliyemfundisha. Na watu wote walisema sauti zetu ni pacha."

Fundi akaweka chini bisibisi. "Unataka kumwimbia mumeo kwa koo la mtoto?"

"Nataka aendelee kuishi."

Fundi akatoa kabatini ikwalaiza, sanduku la chuma lenye safu ya vitufe vya kusukuma juu na chini, kila kimoja na sehemu yake ya sauti, na vitaa vinavyochezacheza juu yake. Mama aliimba, fundi akarekodi kwenye kanda ileile, kisha akaipitisha sandukuni na kuanza kusukuma vitufe.

"Besi tunaishusha, huko ndiko umri unakokaa. Hizi za juu tunazipandisha kidogo. Unasikia? Ningekuwa na sanduku la kusawazisha na uso, wanawake wa mji huu wasingeniacha nilale."

Mama hakucheka. Sauti iliyotoka mle ndani ilimfanya ashike meza.

Mume aliporudi, alilikuta sanduku limeunganishwa sebuleni; walimwambia kanda imeanza kuchoka, sanduku hilo litaisafisha. Jioni ile alivaa hedifoni, akasikiliza. Mkewe alisimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi, akiomba Mungu amsamehe na papo hapo akiomba Mungu amsaidie. Wimbo ukaisha. Mume akavua taratibu, akajifuta macho.

"Ni yeye," alisema. "Ni yeye kabisa. Mungu akubariki, mke wangu."

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Ya kwake ilimaliza mwaka, na mwisho wake hakuuona. Kila jioni mume alivaa, akatikisa kichwa polepole, akavua, akasema, "Ni yeye." Kila jioni mke alipumua.

Ila kuimba aliacha. Hakuimba akifua, hakuimba akipika. Hata kwenye nyumba ya ibada alichezesha midomo tu, mume asije akaisikia sauti yake na kuifananisha.

"Siku hizi huimbi," mumewe alimwambia siku moja.

"Koo limezeeka, mume wangu."

"Ungeimba tu hivyohivyo. Mimi napenda."

Mara moja alikuwa jikoni akinong'ona sala yake, na mume yuko kitini, hedifoni masikioni. Alipomaliza, akasikia kutoka sebuleni: "Amina." Moyo ukamruka. Kisha akajituliza: bila shaka wimbo ulikuwa umeshaisha.

Siku moja vitaa vya upande mmoja wa sanduku vikazimika. Mama akakosa raha. Vitufe vikiharibika, besi itarudi, na umri wake utarudi pamoja nayo, na mtu yule atafiwa mara ya pili. Akamwita fundi.

Fundi alikuja mchana, mume akiwa kitini pake.

"Ni taa tu hizi, shemeji. Sanduku lenyewe zima." Akavaa zile hedifoni ajaribu. Akakunja uso. Akaongeza sauti, akaongeza tena. Akazivua, akachomeka zake za bei rahisi kutoka mkobani, na wimbo ukavuma mpaka mlangoni aliposimama mama.

"Basi ni hizi za mzee," fundi alisema. Akazungusha kifuniko cha plagi ya hedifoni za mzee, akachungulia ndani.

"Ajabu. Waya haukuchakaa. Umekatwa na mkasi, halafu mtu akarudisha kifuniko vizuri kabisa. Na kutu hii si ya juzi wala jana."

Mama aligeuka kumtazama mumewe.

"Nilikusikiliza jioni ile ya kwanza tu, mke wangu," alisema. Akainuka, akavaa viatu, akatoka.