Rangi ya Kucha

Fundi Shekue alizipanga bolti nne kuukuu juu ya gunia, mbele ya Zamzam, maana desturi ya gereji ni mwenye gari aone alichofunguliwa. Zilikuwa zimeshikilia miguu ya mbele inayobeba magurudumu ya lile gari la buluu la mashindano, la milango miwili, aliloachiwa na mumewe.

"Hizi mpya ni ngumu zaidi, mama. Hata ukikata kona kwa kasi, haziachii."

Zamzam aliinamia gunia. Kila bolti kuukuu ilikuwa na mstari mwekundu kichwani. Rangi yake ya kucha! Marehemu alikuwa akishakaza bolti huichora mstari kutoka kichwani hadi kwenye chuma cha pembeni, ili siku ikilegea aone mstari umekatika. Naye Zamzam alikuwa akigomba, akitafuta kichupa chake nyumba nzima.

"Nizitupe?"

"Nifungie kwenye karatasi, fundi. Nitaondoka nazo."

Kisha akafungua mkoba, akatoa kichupa. Akapiga magoti na gauni lake jeupe kwenye sakafu ya oili, akaichora bolti mpya ya kwanza mstari, taratibu, akainama kuipuliza ikauke, kama mumewe alivyokuwa akimpulizia vidole.