Mshale Uliogoma Kushuka

Kho! Kho-kho! Kisha kimya, na baada ya kimya, kicheko cha mwanamke.

Kombi iliteremka kilima kwa kujiburuta, ikaishiwa nguvu katikati ya mashamba ya hopi, mmea unaoipa bia uchungu wake, ikasimama. Maua iliyopambwa nayo yaliendelea kutikisika.

"Usicheke," alisema Korbinian.

"Sicheki," alisema Vroni, akacheka mpaka shela likamwangukia usoni.

Alikuwa ndani ya gauni jeupe, viatu mkononi, miguu juu ya dashibodi. Nywele zake zilibanwa kwa vibanio vya chuma vyenye lulu, ila kishungi kimoja kilikuwa kimeponyoka kikaning'inia sikioni. Mchana huohuo, mbele ya padri, alikuwa amemwapia Benno kuwa wake mpaka kufa. Keki haijakatwa, naye yuko hapa, katikati ya mashamba, na mwanamume mwingine.

"Benno ameshagundua," alisema, akichungulia nyuma. "Lazima anakuja."

"Tukifika kwenye baa ya Wimmer, ng'ambo ya mto, hatupati ng'o. Chumba cha nyuma kipo tayari, kimefungwa mapazia." Korbinian alijifuta jasho. "Lakini akinikamata hapa barabarani, Vroni, itabidi nihame kijiji. Watanicheka mpaka kaburini."

Aligonga kioo cha geji ya mafuta kwa ukucha. Tik, tik. Mshale ulikuwa umeegemea upande wa kujaa, umeshiba, hautaki kusumbuliwa.

"Mafuta yapo. Tatizo ni jingine."

"Asubuhi uliponipeleka kanisani, mshale ulikuwa hapohapo."

"Ndiyo."

"Ukaenda kuwachukua shangazi zangu, hapohapo. Ukafuata mapipa ya bia, hapohapo."

"Kwa sababu nimesafisha kabureta! Siku hizi inakunywa kidogo."

Vroni aliuma shela ili asipasuke.

Kombi ile ilikuwa na umri kumzidi Korbinian. Aliikuta bandani, kuku wakitaga kwenye usukani, akaifufua kwa mikono yake mwenyewe: kitanda, jiko, mapazia, kila skrubu. Kumwambia kwamba kombi yake inadanganya ilikuwa sawa na kumtukania mama. Hata hivyo alishuka, akaisukuma kwa bega ikayumba, akatega sikio. Ndani ya tangi hakikuchezacheza kitu.

"Kavu," alitangaza, kwa sauti ya mtu anayeleta habari za msiba.

Bibi mmoja akatokea kwa baiskeli, kapu la mayai mbele yake. Alilitazama gauni, akalitazama ua kifuani mwa Korbinian.

"Umemwiba?"

"Nimemwiba, bibi. Ukimwona Benno, tafadhali..."

"Macho yangu mabovu, mwanangu, simwoni mtu." Akakanyaga pedali. "Mimi siku ya harusi yangu niliibwa kwa mkokoteni wa ng'ombe! Ng'ombe haishiwi petroli!"

Akatokomea akipiga kengele njia nzima.

Korbinian aliinua godoro la nyuma, akafungua kifuniko kilicho juu ya tangi, akachomoa waya wa boya linalopima mafuta.

"Washa swichi! Mshale umeanguka?"

"Haujaanguka."

"Lazima uanguke! Nimechomoa waya!"

"Njoo uuambie mwenyewe. Mimi haunisikii."

Korbinian alibaki amepiga magoti kitandani, waya mkononi. Kisha uso ukamwaka.

"Boya ni zima! Waya unagusa chuma mahali fulani, huko mbele. Ukigusa bodi ya gari, geji inadhani tangi limejaa. Ningekuwa na dakika chache tu..."

Hapo ndipo tuba, lile tarumbeta nene la bendi, ilipovuma nyuma ya kilima. Pum-pa, pum-pa, pum-pa.

"Huyo!" alipiga yowe Vroni. "Anakuja na bendi! Fanya haraka!"

"Haraka ya kwenda wapi? Sina mafuta!"

"Basi jifiche!"

"Sijifichi. Nataka kujua imenilaghai wapi!"

Akajitupa chali chini ya dashibodi, suti na yote, tochi mdomoni. Trekta likaibuka kilimani likivuta trela, na ndani ya trela bendi nzima na nusu ya wageni wa harusi, wote wakipiga kelele. Mbele kabisa alisimama Benno, uso mwekundu kama nyanya, kitu kizito kikining'inia mkononi.

"Korbiniaaan!"

Korbinian alimsikia, lakini hakugeuka. Nyuma ya geji mwanga wa tochi ulikuwa umeuona waya. Ulikuwa umeshikizwa kwenye bodi ya gari, kwa ustadi, na mkono usiotetemeka. Ulikuwa umeshikizwa kwa kibanio cha nywele, na kwenye ncha yake iling'aa lulu moja.

Alijikokota nje taratibu. Vroni alikuwa ameshamrukia Benno shingoni, na Benno, kwa mkono uliobaki, alikuwa akimimina petroli ya dumu ndani ya tangi huku akipiga mluzi.

Korbinian aliinua kibanio juu, wote wakione. "Wewe!"

"Mimi," alisema Vroni. Alikichukua, akabana kishungi chake, kisha akayashika mashavu ya Korbinian kwa mikono miwili mbele ya bendi nzima. "Nakuahidi, msimamizi wetu: siku utakayooa wewe, Benno ndiye atakayemwiba mkeo kwa kombi hiihii, kama mila yetu inavyotaka, bibi harusi aibwe na mume amtafute; dereva nitakuwa mimi, na tangi nitalijaza kwa mkono wangu."