Kaa Moja la Moto

Kipupwe cha mvua kilibana wiki nzima, kuni zikaloa kila nyumba, moto ukabaki kwa Nungunungu peke yake. Naye alichukia kuombwa. Pimbi, jirani yake, akabisha hodi na kigae mkononi.

"Jirani, nipe kaa moja tu. Wanangu wanatetemeka."

"Nikikupa wewe, kesho atakuja Kicheche."

"Kwani moto ukigawiwa unapungua?"

"Inayopungua ni subira yangu. Nenda, na mlango ufunge, baridi inaingia."

Pimbi akarudi na kigae kitupu. Nungunungu akabandika maharage, akasinzia kwa raha zake. Alipozinduka, paa lilikuwa limevuja juu ya mafiga, na moto umekuwa tope. Maharage mabichi, watoto wanalia. Akachukua kigae, mbio kwa Pimbi.

"Jirani, nigawie kaa."

"Lipi?" Pimbi aliuliza bila hasira, amejikunyata na wanawe ndani ya blanketi moja. "Ungenipa lile la asubuhi, sasa hivi ningekurudishia."

Nungunungu akainama.

"Basi walete wanao tupeane joto," Pimbi akasema. "Ila humu ndani, miiba inalazwa."

Nungunungu akailaza yote.