Kioo Kitupu

Kioo kitupu, ambacho hatukukipaka chochote, kilikuwa kinawaka buluu chini ya taa ya kupimia. Ni buluu ile ile tuliyoisifia mwezi mzima, eti inatoka kwenye plastiki yetu mpya ya skrini.

"Hiki ulikifutia nini?" nikamuuliza fundi wa maabara.

"Koti langu, dada. Safi kabisa! Mama hulifua kwa sabuni ya kung'arisha."

Nikamvuta hadi kwenye taa. Upindo wa koti ukawaka buluu.

"Na vitambaa vya maabara je?"

"Vinaacha nyuzi, dada."

"Umenimaliza."

Simu ikaita. "Hongera!" bosi akasema. "Wageni wameshaketi. Lete hiyo plastiki inayowaka tuwaoneshe."

Nikamtazama fundi. Alikuwa anakifuta tena kile kioo, kwa koti.

"Bosi," nikasema, "nakuja na koti."